Kwa Msaada wa Mwalimu

Siku ya kuniaga shuleni walinipa saa ya ukutani, vitenge viwili na hotuba ndefu. Mkuu wa shule alisema nimekuwa taa. Mwenyekiti wa bodi, ambaye hatukuwahi kuzungumza hata mara moja, alisema nimekuwa mama wa wote. Nilivumilia. Kilichoniudhi kilikuja baada ya pilau, mwalimu mmoja kijana wa Kiswahili aliponifuata na simu yake ikiwa tayari kurekodi, akaniomba nimwachie siri ya uandishi. Alisema anataka kuandika riwaya, ila hajaanza, kwa sababu bado anatafuta mchapishaji, kompyuta na mahali patulivu.

Nilimwambia hakuna siri. Akacheka, akidhani najishusha. Nimekaa na hasira hiyo tangu siku ile, na sasa nina muda wa kutosha wa kukasirika vizuri, kwa hiyo naandika. Kama wewe ni mwalimu uliyepangiwa huku Tarime au Serengeti, na wewe mwenyewe unataka kuandika, haya ndiyo niliyoyaona kwa miaka thelathini na mitatu ya kufundisha watu kuandika. Mengi niliyafanya vibaya. Hayo nitayasema pia.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa shule moja ya Nyanungu, huku Tarime. Nilitoka Singida na sanduku la bati, godoro na barua ya ajira, na sikujua hata neno moja la Kikurya. Mkuu wa shule alinipa boksi la chaki na madarasa manne, akanionyesha nyumba ambayo mlango wake ulifungwa kwa kamba. Nje ya ofisi palikuwa na kibao kilichosema kwamba lugha inayoruhusiwa shuleni ni Kiingereza. Nikauliza, mimi mwalimu wa Kiswahili nitaongea nini. Akajibu kwamba vipindi vyangu vyote vimewekwa mchana, baada ya chakula, wakati wakaguzi wameshaondoka na wanafunzi wanasinzia, kwa hiyo sitamsumbua mtu.

Wiki ya kwanza niliwapa kidato cha pili insha: safari iliyonifurahisha. Nilikusanya madaftari, nikakaa kitandani kusahihisha. Insha ya kwanza ilianza na asubuhi ya Jumamosi yenye jua la kupendeza na ndege wakiimba nyimbo nzuri. Ya pili pia. Ya tatu pia. Wote walikuwa wamekwenda Dar es Salaam kwa mjomba, wameona bahari, mawimbi yamewavutia, wamekula chipsi, wamerudi nyumbani wakiwa na nyuso za bashasha. Ni watoto ambao asubuhi hiyohiyo walikuwa wameswaga ng'ombe hadi mtoni kabla ya kuja shule. Nami niliwapa alama nzuri, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyofundishwa nikiwa kama wao, na nilikuwa nimeshinda kwa insha za namna hiyo mpaka nikapata cheti cha kuwafundisha wengine.

Pale shuleni kulikuwa na mwalimu mzee wa Kiswahili aliyebakiza miaka michache kustaafu, Mwalimu Matiko, mwenyeji wa hukohuko. Aliniomba insha tatu, akazisoma amesimama, akanirudishia. Akaniuliza kama nimewahi kuiona bahari. Nikasema bado.

"Na wao bado," akasema. "Sasa nani kati yenu anamdanganya mwenzake?"

Nilikasirika, na kwa siku mbili nilipita nje ya ofisi ya walimu ili nisikutane naye.

Siku ya tatu nilimkuta mapema, kabla wanafunzi hawajapanga mstari. Alikuwa amekaa kwenye meza iliyovunjika mguu mmoja, ameiegemeza ukutani, anaandika kwenye kaunta buku. Aliandika ukurasa mmoja, akafunga, akaenda darasani. Kesho yake vilevile. Nikamuuliza anaandika nini. Akasema anaandika alichokiona njiani. Njia yake ilikuwa ileile kwa miaka zaidi ya ishirini, kutoka kwake hadi shuleni, na alikuwa hajaimaliza.

Akanitaka nami nifanye hivyo. Ukurasa mmoja, kila siku ya kazi, kabla ya kengele. Kama sikuona kitu, niandike kwamba sikuona kitu, na niseme ni kwa nini. Ijumaa alichukua kurasa zangu tano, akazisoma kwa sauti, kavukavu, bila madoido, kama mtu anayesoma maelekezo kwenye mfuko wa mbolea. Pale ulimi wake ulipokwama aliweka nukta ndogo kwa penseli. Hakusema kosa ni nini. Kazi ya kulitafuta ilikuwa yangu. Kwa miaka minne hakuniambia hata mara moja kwamba nimeandika vizuri, na kwa muda mrefu niliona ni roho mbaya. Siku hizi naona watu wanaandika aya moja kwenye simu, wanaituma kwenye kundi la wenzao, na kabla hawajavuta pumzi wamepigiwa makofi arobaini ya kuchorwa. Mtu aliyekwisha kupigiwa makofi atarudi kufanya nini kwenye ile aya?

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni ule wa Matiko, na sijapata mwingine ulio bora. Chagua saa. Chagua kiasi kidogo ambacho huwezi kukikosa hata ukiwa na malaria. Mtafute mtu mmoja asiyekuogopa akusomee kwa sauti. Usimwonyeshe mtu mwingine mpaka ulimi wa huyo mmoja usikwame.

Baada ya Nyanungu nilihamishiwa wilaya ya Serengeti, shule moja ya Busawe, na huko ndiko nilikofanya kosa ambalo bado linanichoma. Kulikuwa na kijana wa kidato cha pili aliyeandika jinsi yeye na baba yake walivyolinda mahindi yasiliwe na tembo. Tayari nilikuwa nimeshawaondoa wanafunzi wangu Dar es Salaam, kwa hiyo ilikuwa insha ya kweli. Lakini alikuwa ametumia maneno ya Kiikoma, lugha ya kwao. Baba yake alipomfokea tembo alimfokea Kiikoma. Hatua za tembo kwenye mabua makavu zilikuwa na neno lake, na hilo pia lilikuwa la Kiikoma. Mkaguzi alikuwa anakuja wiki hiyo. Niliogopa. Nikachora mstari chini ya kila neno, nikampa sifuri, nikaandika pembeni: tumia Kiswahili sanifu.

Hakuandika tena. Aliwasilisha insha kama kawaida, zenye Jumamosi na jua la kupendeza, akapata alama nzuri. Miaka mingi baadaye nilikutana naye, ni dereva wa watalii. Alinisalimia kwa heshima zote, shikamoo Madam, akanieleza jinsi anavyowasimulia wageni hadithi za tembo kwa Kiingereza, na wageni wanavyolia machozi. Nikamuuliza kwa nini haandiki. Akasema, bila kinyongo hata kidogo, "Kiswahili kilinishinda, Madam." Nilirudi nyumbani nikiwa nimejikasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mkaguzi yeyote, na niliwahi kuwakasirikia wengi.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa karibu na Sirari, mpakani mwa Kenya. Hapo ndipo nilipomfahamu Bhoke Mwita, na ni yeye hasa ninayetaka kumweleza.

Bhoke alikuwa mpishi wa shule. Aliishia darasa la saba, kwa sababu kwao kulikuwa na nafasi ya kusomesha mmoja, na mmoja huyo hakuwa yeye. Alipika maharage na ugali kwa wanafunzi zaidi ya mia tatu, kwa kuni, kwenye kibanda cha mabati kisicho na dirisha. Walimu walimwita Mama Jikoni. Mimi pia, kwa miaka miwili, nilimwita Mama Jikoni, na sikuwahi kujiuliza kama ana jina.

Siku moja nilikwenda jikoni mapema kuomba maji ya moto. Nilimkuta amekaa juu ya gunia la mahindi, daftari limelala kwenye goti, anaandika. Aliponiona akalifunika kwa upande wa kanga. Nilidhani ni orodha ya wanafunzi waliokula. Akasema hapana. Baada ya kusitasita sana akanipa.

Lilikuwa daftari lililotupwa. Kurasa za mwanzo zilikuwa na maelezo ya Jiografia ya mwanafunzi fulani, na kuanzia katikati, pale mwanafunzi alipochoka, ndipo Bhoke alipoanza. Kila mwisho wa mwaka wanafunzi hutupa madaftari yakiwa na nusu tupu, naye huyaokota kabla hayajachomwa. Alikuwa nayo saba. Maharage aliyabandika asubuhi, akaandika tangu sufuria linapoanza kuchemka hadi wakati wa kutia vitunguu. Siku zote za shule, kwa miaka. Hakuna aliyemfundisha hivyo. Hakuwa na meza, na mahali pake hapakuwa patulivu hata kidogo. Alikuwa na moshi, walimu wanaodai chai, na wazabuni wa kuni wanaobishana mlangoni. Yule kijana wa pilau na simu yake akumbuke hilo.

Hadithi aliyonipa ilikuwa ya mama yake. Bhoke akiwa mdogo, ng'ombe wa mwisho wa nyumba yao aliibwa. Wanaume walifuata nyayo hadi karibu na mpaka, wakarudi wakisema basi. Mama yake hakurudi. Alifuata nyayo peke yake, akavuka, akamkuta ng'ombe sokoni Isebania, upande wa Kenya, mikononi mwa mfanyabiashara aliyekataa katakata kumwachia. Hadithi nzima ni jinsi yule mwanamke alivyosimama mbele ya watu wasiomjua akitafuta namna ya kuonyesha kwamba ng'ombe ni wake. Sitaeleza inavyoisha. Imechapishwa, isome.

Niliisoma usiku mmoja, nikafurahi, na kwa furaha hiyo nikaiharibu. Nilinyoosha kila sentensi. Nilibadilisha maneno, nikaongeza tamathali za semi, nikampelekea nikitarajia shukrani. Alikaa nayo wiki nzima. Kisha akaja ofisini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasimama mlangoni.

"Madam, hii siyo yangu tena. Naomba unirudishie yangu."

Nilimuuliza nimekosea wapi. Akafungua ukurasa anapoongea yule mfanyabiashara wa Isebania. Yeye alikuwa ameandika, "Mama, hii ng'ombe ni yangu, wacha mchezo." Mimi nilikuwa nimeandika, "Mama, ng'ombe huyu ni wangu, acha mzaha." Akaniambia watu wa upande ule hawaongei hivyo. Akasema nimemfanya mwizi aongee kama mkuu wa shule.

Nilikumbuka tembo wa Busawe, nikaona aibu mpaka masikio yakanichoma. Nikamrudishia maneno yake yote. Kuanzia hapo nilifanya kitu kimoja tu: kila Ijumaa nilikwenda jikoni, nikakaa kwenye kigoda, nikamsomea kurasa zake kwa sauti kavu. Nilipokwama alisikia mwenyewe, akasema tu, "Hapo," akaweka alama. Sikuongeza neno. Hilo nalisema kwa sababu ya yaliyofuata.

Taasisi moja, ambayo sitaitaja, ilitangaza shindano la hadithi kwa wakazi wa wilaya hizi. Hadithi kumi na mbili zingechapishwa kwenye kitabu kimoja na kugawiwa shuleni. Nilimshawishi Bhoke apeleke. Alinakili kwa mkono wake, mimi nikaifikisha Tarime. Baada ya miezi kadhaa tukaletewa habari kwamba imechaguliwa. Alipika siku ile kama kawaida, ila wanafunzi walisema ugali ulikuwa mkubwa kuliko kawaida.

Wiki mbili baadaye ikaja barua. Hadithi imesimamishwa kwa kuwa kuna shaka kuhusu uhalali wa mwandishi. Mkuu wa shule aliniita akaniuliza kwa nini naichafulia shule jina mwaka mmoja kabla ya kustaafu. Akaongeza kwamba ajira za jikoni ni za mkataba, na mkataba unaweza kuangaliwa upya. Nilipanda gari hadi Tarime kumwona katibu wa kamati ya shindano, bwana mwenye shahada mbili, ambazo alizitaja zote kabla sijakaa.

Alikuwa mpole. Hilo ndilo lililonikera zaidi, ule upole. Akasema kamati imeipenda hadithi. Akasema lugha yake ni hai, muundo umekomaa. Halafu akainamisha kichwa kama daktari anayetoa habari mbaya.

"Madam, tuwe wakweli. Huyu ni mpishi."

Nikamwambia ndiyo, ni mpishi. Akasubiri, kana kwamba nimekwisha kukiri. Akasema hataki kumdhalilisha mtu mzima kama mimi, anaelewa walimu hupenda kuwainua watu wa chini, ila ni vizuri nichukue sifa ya kazi yangu. Mtu huyu alikuwa ananizawadia hadithi ambayo sikuiandika, na alidhani nitasema asante. Nilimwambia aite kamati, nitamleta mwandishi.

Alhamisi iliyofuata tulikwenda. Bhoke alivaa gauni lake la kanisani, akabeba mfuko wa salfeti. Chumbani walikuwepo katibu, mwanakamati mmoja ambaye muda wote aliangalia simu, na mama mmoja muuguzi aliyealikwa kwenye kamati kwa sababu anaandika mashairi. Bhoke alitoa madaftari saba, akayapanga mezani. Chumba kizima kikanuka moshi wa kuni.

Katibu alifungua la juu, akasoma jina kwenye jalada, la mvulana wa kidato cha pili. Akauliza huyu ni nani. Bhoke akaeleza kuhusu madaftari yanayotupwa. Katibu akasema mtu anaweza kunakili kitu chochote kwenye daftari lolote. Kisha akapata wazo. Akasukuma karatasi nyeupe na kalamu mbele ya Bhoke, akamwomba aandike chochote hapo hapo, nusu saa tu, ili shaka iishe.

Nilimgusa Bhoke mkono. Nilitaka aandike. Nilijua anaweza, na niliogopa mkataba wake, na kusema kweli niliogopa pia jina langu. Bhoke aliitazama ile karatasi, akairudisha.

"Wale wengine kumi na moja mliwaita waandike hapa?"

Katibu akasema wale hawakuwa na shaka.

"Basi waiteni," akasema Bhoke. "Wakija wote wakaandika, na mimi nitaandika."

Hakupandisha sauti. Katibu akanigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye mwenye ufunguo wake. Nikasema nakubaliana na mwandishi. Nadhani hilo ndilo jambo la maana kuliko yote niliyoyasema katika kazi yangu, na nililisema nikiwa nimechelewa, baada ya kumgusa mkono.

Muda wote huo yule mama muuguzi alikuwa anasoma madaftari. Alikuwa amefungua matatu kwa pamoja, anaangalia mwanzo wa hadithi ulivyoandikwa, ukafutwa, ukaandikwa tena. Sasa akaweka kidole kwenye mstari uliokatwa, akamsogezea Bhoke.

"Hapa uliandika kwamba jua lilizama jekundu kama moyo wa mama. Ni sentensi nzuri. Kwa nini uliikata?"

Bhoke aliinama akaiangalia.

"Ilikuwa nzuri, ndiyo. Niliilea miezi miwili," akasema. "Lakini mama hakuangalia jua siku ile. Alikuwa anaangalia chini, anatafuta nyayo."

Yule mama alifunga madaftari, moja baada ya jingine. Akamwambia katibu kwamba yeye ameridhika, na kwamba kama hadithi hiyo haitaingia kitabuni, basi na jina lake litolewe kwenye kamati. Yule wa simu akasema naye hana neno.

Ninyi mnaoanza, shikeni hapo. Vidokezo vya uandishi vimejaa kila mahali, na vingi vimeandikwa na watu wasioandika. Lakini daftari lililojaa mistari iliyokatwa, na wewe ukijua kwa nini kila mmoja ulikatwa, hilo halipatikani kwenye semina. Msitupe nakala zenu za kwanza. Msione haya kwamba ni chafu. Na msikubali mtu awapime kwa kazi mnayoifanya mchana. Mpishi anaandika, na dereva wa watalii angekuwa anaandika leo kama mwalimu wake hangekuwa mwoga.

Kitabu kilitoka nilipobakiza miezi miwili kazini. Nilikipeleka jikoni mwenyewe. Tukafungua ukurasa wake. Kichwa cha hadithi kilikuwepo, na chini yake: Bhoke Mwita. Na chini ya hapo, kwa herufi ndogo za kulala: kwa msaada wa Mwl. Zena.

Zena ni mimi.

Nilipitia kitabu chote. Hakuna mwandishi mwingine aliyewekewa msaada. Mmoja wao ni afisa wa ofisi kubwa hapa wilayani, na hadithi yake naijua vizuri, kwa sababu aliniletea niinyooshe, nami nikainyoosha mpaka kilichobaki chake ni kichwa cha hadithi na majina ya watu. Jina lake limekaa peke yake, limetulia kama mfalme. Nilimpigia katibu simu. Akasema ni heshima tu kwangu kama mwalimu mzoefu, na kwamba vitabu vimeshasambazwa, hakuna la kufanya.

Bhoke alifuta mikono kwenye aproni, akasoma ule mstari mara mbili.

"Ulinisaidia nini, Madam?" akauliza.

Nikasema nilimsomea kwa sauti.

"Hata binti yangu alinisomea."

Alikoroga sufuria, akaonja chumvi. Halafu akasema, akiwa amenipa mgongo, kwamba jina ni langu, kwa hiyo wa kulitoa ni mimi. Akaokota daftari lake kwenye gunia. Alikuwa ameshaanza hadithi nyingine, na vitunguu vilikuwa bado.

Kwa hiyo hiyo ndiyo kazi yangu ya kustaafu. Watu wananiuliza kwa nini sirudi Singida kupumzika. Napanda gari au bodaboda, naenda shule zilizopewa kitabu kile, naomba ruhusa, naukata ule mstari kwa wino mweusi. Baadhi ya wakuu wa shule wamenifukuza. Mmoja aliniuliza kama nina akili timamu, na nikamwambia ninazo, ila zimekasirika.

Wiki iliyopita nilikwenda shule nyingine ya Busawe, si ile niliyofundisha. Mwalimu anayetunza maktaba ni kijana mgeni, ametoka Lindi, ana miezi sita tu kazini. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa adabu kwamba kitabu ni mali ya serikali na yeye ndiye aliyekisainia, hawezi kuruhusu kichorwe. Nikamwambia namwelewa. Akauliza, kama mtu anayetafuta namna ya kunifariji, hadithi yenyewe ikoje. Nikamwambia aisome.

Aliisoma amesimama dirishani. Nilikaa kwenye benchi nikimtazama. Mara ya kwanza alipogeuza ukurasa aligeuza haraka, kisha akapunguza. Alipomaliza hakusema kama ni nzuri. Alikwenda kabatini, akatoa nakala nyingine nne ambazo mimi sikujua kama zipo, akazipanga mbele yangu zikiwa zimefunguliwa pale pale, halafu akaanza kupekua droo akitafuta rula, ili mstari unyooke.